Waya Juu ya Mlango

Baba,

Chai iko kwenye chupa. Usizime kile kisanduku cheusi nyuma ya kompyuta yako. Kwa hicho nitaiendesha nikiwa mbali kazini, kila ikikugomea.

~~Nimekiunganisha kwa waifai.~~ Hapana, waifai inakatika-katika huko chumbani kwako. Nimetumia waya, nimeupitisha juu ya mlango ili Mama asijikwae.

Ukiona kishale kinatembea chenyewe kwenye kioo cha kompyuta, usiwaite majirani kwamba kuna jini. Ni mimi.

Asubuhi ulisema, "Mtoto huja, hatumi kisanduku," ukavaa viatu ukatoka. Maneno hayo yalinichoma, Baba.

Basi siku ukinitaka mimi mwenyewe, chomoa waya. Nikiona umekatika, sitapiga simu kuuliza. Nitakuja.

Kitindamimba wako