Kwa Babu Keith Suddaby wa The Quay Clerks, Aliyemkatiza Clive

Mwaka umezunguka, Babu Keith, tangu ukiache kinanda chako. Familia imenipa kalamu mimi, mpiga kinanda pekee wa ukoo wa Suddaby asiyeingia kabla ya zamu yake. Usinibishie. Huna nafasi tena.

Tunakukumbuka ukitoa mapipa ya taka barabarani ukiwa umevaa ile tai yako nyembamba ya mwaka 1980, eti huenda shabiki akapita. Shabiki mwenyewe alikuwa paka wa jirani. Tunakukumbuka ukiwafundisha watoto wa mtaa kinanda pale sebuleni, bure, na biskuti juu, hata kwa waliopiga vibaya. Mimi biskuti ulininyima. Ulisema wa nyumbani hahongwi.

Bendi yenu, The Quay Clerks, watu wanaijua: vijana wanne wa bandari ya Hull waliofanyia mazoezi juu ya duka la samaki, wakaenda kupiga Ujerumani wakiwa bado wananuka samaki. Wanaujua zaidi ule wimbo wenu wa daraja, pale mwimbaji wenu Clive anapoimba ubeti wa mwisho na kinanda kinamkatiza kabla hajamaliza. Bendi ngapi zimeiga pale! Walikuja vijana kutoka Leeds, wengine kutoka Denmark kabisa, wakakaa jikoni kwetu kukuuliza uliwazaje jambo lile. Ukawa unakuna kidevu, unawaambia, "Hisia, kijana. Hisia tu."

Sisi wa ndani tunajua. Uliona kwenye kioo cha studio chipsi zimeletwa, ukataka wimbo uishe kabla mpiga ngoma hajazifikia. Muda wenu wa studio ukaisha kabla hamjarudia, kosa likabaki kwenye santuri. Baadaye likaitwa mtindo.

Ulipotutoka, Bibi Glenys alikifunika kinanda kwa shuka la kitanda, na wimbo ule ukapigwa marufuku nyumbani. Redio ikiuanza tu, anazima. Mama alijaribu kumbembeleza, akaambiwa akaoshe vyombo. Tukaanza kuogopa kwamba hatausikia tena maisha yake yote, yeye aliyeucheza kabla ya mtu mwingine yeyote.

Jumamosi iliyopita Clive aliikusanya bendi kwenye klabu ya wafanyakazi kwa ajili yako, akaniomba nikae kwenye kiti chako. Bibi alikubali kinanda kitoke, kwa sharti kwamba yeye atakaa karibu na mlango, pale kando ya dirisha wanapotolea chakula. Koti hakuvua.

"Nikishindwa natoka, mjukuu wangu," akaniambia. "Usinifuate."

Clive naye akaniinamia sikioni. "Babu yako amenikatiza miaka zaidi ya arobaini. Leo niache nimalize, bwana mdogo. Mara moja tu kabla sijafa."

Nikamwahidi.

Ubeti wa mwisho ulipofika, nikaingia mapema. Clive akabaki mdomo wazi, neno lake limening'inia hewani, na ukumbi mzima ukalipuka kwa shangwe. Mimi macho yangu yakaenda mlangoni. Bibi alikuwa amesimama. Nikajua anaondoka. Kumbe anacheka, Babu, anacheka mpaka ameshika ukuta. Akalivua koti, akalitupa kwenye kiti, akacheza vile mnavyocheza nyinyi wa zamani, viwiko nje kama kuku aliyekasirika.

Shuka limerudi kitandani. Siku hizi anauweka wimbo akimenya viazi, na ikifika pale pako anaupandisha sauti mpaka jirani anagonga ukuta.

Wengi wameniuliza ilikuwaje nikaingia mapema. Nimewajibu kwamba nilifanya makusudi, kwa heshima yako.

Unakumbukwa kwa furaha na mkeo Glenys, binti yako Joanne, mjukuu wako Kieran, Clive ambaye bado hajamaliza ubeti wake, na paka wa jirani. Hakuna siku utakayotutoka moyoni.

Nilimsomea Bibi tangazo hili kabla ya kulipeleka gazetini. Ameyakubali yote isipokuwa jambo moja, na amesema pingamizi lake lisipoandikwa, jina lake nilitoe. Maneno yake ni haya:

"Heshima gani, Kieran? Nilikaa kando ya lile dirisha la chakula. Niliona ulikokuwa unatazama kabla hujaingia. Pai za nyama ndiyo kwanza zilikuwa zinatolewa."