Kiboksi cha Zeze la Baba

Nkololo, Bariadi

Kaka Luhaga,

Shikamoo. Mwanza mnaendeleaje? Huku Baba ni mzima, anakohoa kidogo tu. Pamba imeanza kupasuka. Mkeo, wifi yangu Benedikta, haumwi, ila chakula hakimshuki. Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Karatasi haina masikio.

Kile kiboksi cha maiki na spika ulichomletea Baba kimelikuza zeze lake hadi majirani wanakuja kucheza uani. Kukiwasha nafuata ulivyonielekeza: naandika jina la programu kwenye kompyuta, kisha vile vineno vyenye vistari viwili mbele. Kimoja ni cha sauti isichelewe nyuma ya kidole cha Baba, kingine cha kunyamazisha spika wageni wakija.

Sasa kaka, maneno ya nyumbani yanakufikiaje? Wazee wa ukoo walikaa sebuleni, kilipo kiboksi, kugawa ng'ombe, spika ikiwa kimya. Kesho yake ukampigia Baba kulalamikia mgao ambao hata Mama alikuwa hajaambiwa. Ikatokea tena. Baba akasema mpeleka maneno ni Benedikta, na Jumapili anamrudisha kwao Nassa. Wifi aliapa kwa Biblia akilia. Hata mimi nilimtilia shaka, nikawa nachungulia simu yake akienda kisimani. Sikukuta kitu. Hukuwa umempigia tangu tunapalilia.

Juzi nikausoma wote ule mstari ninaouandika kwenye kompyuta. Mwishoni kuna kineno hukunieleza, cha kutuma kila kinachoingia kwenye maiki hadi kwenye anwani ya mtandaoni. Kumbe tulipodhani tumekizima kiboksi, tulikifunga mdomo tu.

Bado sikutaka kumsingizia ndugu yangu. Jana, Baba, Mama na wifi wakiwa shambani, nilikiwasha kiboksi, nikakaa mbele yake peke yangu, nikasema kwa sauti kwamba fahali wako mwekundu ameuzwa mnadani. Jioni ukapiga simu unafoka, nani kauza fahali wako!

Fahali yupo zizini, kaka. Sijamuuza wala sijamwambia mtu mwingine neno hilo.

Kineno kile nimekifuta, na zeze linalia vizuri bila hicho. Nimeumia sana. Njoo kabla ya Jumapili umwambie Baba mwenyewe, mkeo akisikia. Usipokuja nitasema mimi.

Mama anakusalimu. Benedikta naye anakusalimu sana, anauliza kama unakula vizuri.

Mdogo wako,
Nyamizi