Wageni wa Shangazi Wameota Meno

Mpendwa mshauri, kabla hujafika mstari wa pili nakuomba ufunge mlango, na ukishasoma usimwonyeshe mtu, hata mwenzako wa meza ya jirani, maana nikijulikana kazi sina na shangazi sina. Mimi ni karani katika kampuni ya filamu. Shangazi yangu, aliyenilea na kunisomesha, aliandika riwaya mwaka alipomzika mumewe: viumbe wa sayari nyingine wanashuka duniani wamebeba maiti wao, hawana uso wala silaha, wanapita nyumba kwa nyumba wakiomba mahali pa kuzika. Kampuni yetu inataka kuifanya filamu. Kikaoni mwongozaji, ambaye kitabu amekisoma jalada, akasema, "Nani atakata tiketi aje kuona wageni wanaopiga hodi? Karani, wewe si umekisoma? Hawa jamaa wanakula nini?" Kitabuni hawali chochote, lakini wote walikuwa wamenigeukia, koo limenikauka, nikajisikia nasema, "Labda... hao maiti." Wakapiga makofi. Tangu hapo wageni wa shangazi wana safu tatu za meno, wananguruma, wanadondosha ute, na mimi ndiye niliyechapa muswada wa filamu na kufuta maneno yao yote. Shangazi hupiga simu, "Wageni wangu wametoka vipi?" nami humjibu, "Vizuri sana, shangazi," naye juzi akasema, "Basi Ijumaa niletee mkataba nitie saini, sina haja ya kusoma, wewe si umo humo ndani?" Nikisema kweli nafukuzwa, nikinyamaza anasaini, naomba msaada. Ukitaka kunipata, piga simu ya ofisi kati ya saa saba na saa nane mchana, wakubwa wakiwa wametoka kula. Akipokea mwingine, sema umekosea namba.

Jibu la mshauri

Karani, pole kwa koo. Pole yangu imeishia hapo.

Mwongozaji wako namjua bila kumwona. Kitabuni mgeni amevuka nyota kwa akili yake. Akifika kwenye filamu za watu hawa, mlango wa jikoni unamshinda, anaugonga kwa kichwa. Nasi watazamaji tunarudi nyumbani tumeridhika kwamba kila asiyefanana nasi amekuja kututafuna. Lakini yeye hakusoma. Wewe ulisoma, ukajua wamekuja kuzika, ukawalisha wafu wao ili usikodolewe macho nusu dakika! Sasa unatafuta mtu wa kukuruhusu unyamaze. Mimi siye.

Alhamisi ukitoka kazini, mpelekee shangazi muswada. Ni haki yake kuuona kabla ya kusaini. Mwambie kwa kinywa chako nani alitoa wazo la maiti, usimsukumie mwongozaji. Kisha kaa hapo mpaka amalize kusoma, hata akilia. Akikataa, rudisha mkataba bila saini mezani kwa mkubwa wako, useme, "Mwenye kitabu amekataa." Wakikufukuza, kazi ya kuchapa utaipata kwingine, shangazi mwingine humpati. Na unapokwenda kwake, usibebe kalamu.