Baba, Si Ng'ombe Aliyekuua

Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Mahindi ya huku Mollo yametoka vizuri, ulezi ndio bado tunaupura. Kaka Deo alimpeleka Kahawia mnadani mara tu tulipomaliza matanga. Alisema hawezi kulima na ng'ombe aliyemuua baba yake. Hata mimi nilimchukia yule ng'ombe. Si wewe mwenyewe uliyetuambia alikupiga pembe kifuani, na kile kivimbe kikabaki hapo? Msibani kila aliyeuliza tulimjibu hivyo hivyo.

Baba, Kahawia hana kosa.

Nilipompeleka mwanangu kliniki mjini, nilimsimulia muuguzi yale tuliyoyaona siku za mwisho tulipokuvua shati: chuchu imezama ndani, kidonda, mkono umevimba. Hakushangaa. Akasema, "Dada, mwanaume naye ana titi, dogo tu, na saratani inaingia humo humo." Pembe ilikufanya ujipapase tu, kivimbe huenda kilikuwepo tayari. Na kwa kuwa hakikuuma, ulikiacha. Akasema wanaowahi hufanyiwa upasuaji, wakapona. Niliposikia hivyo nilikaa chini pale pale nikalia, watu wakadhani nimefiwa siku ile.

Nimekukasirikia, nisikufiche. Unalala na sweta na koti, nasi tunasema mzee anaogopa baridi ya Ufipa! Aibu gani hiyo, Baba? Tukipeta ulezi ulizoea kunitania, "Skola, mdomo wako ungekuwa jembe, tungelima mpaka Kaoze." Mdomo huo huo ungekupeleka hospitali. Ungeniambia tu.

Sasa sikia kilichonifanya nikuandikie. Muuguzi alisema ugonjwa huu unaweza kutembea kwenye ukoo, kwa hiyo watoto wako wote tujichunguze, wa kiume na wa kike. Mimi nimepimwa, niko salama. Kaka nilipomwambia alicheka. Wiki iliyopita mkewe akanijia analia: Deo ana kivimbe chini ya chuchu ya kushoto. Mwenyewe anadai ni mshikio wa plau unaomgonga. Nimemsihi, nimempigia magoti, nimemtuma Mama. Jibu lake ni moja: "Mimi si mwanamke." Kisha anatoka kufunga ng'ombe nira, mimi nabaki namtazama mgongo. Ni mtu mzima, siwezi kumbeba. Nimechoka, Baba, nimechoka kabisa.

Jumamosi jumuiya inasali hapa nyumbani. Wakimaliza kukuombea nitasimama, Deo akiwa amekaa na wanaume wenzake, niseme wazi kwamba baba yetu alikufa kwa saratani ya titi. Na yeye nitamtaja. Najua ataninunia, pengine asinisemeshe tena. Na hospitali huenda asiende hata hivyo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwamba naweza kusema yote na bado nikamzika.

Pumzika, Baba, usitungoje mapema. Siwezi kukuahidi kwamba Deo atapona. Nakuahidi tu kwamba hatabaki peke yake na siri yake, kama ulivyobaki wewe.

Binti yako,
Skola