Usipeleke Sambaza Unguja

Bukavu, Nguba
Jumatatu, baada ya misa ya asubuhi

Kwa dada yangu mkubwa, Yaya Mélanie,

Nakusalimu kwa mikono miwili, kama mama alivyotufundisha. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Na yule mbuzi wako mkorofi, bado anatafuna nguo kwenye kamba? Huku sisi tumeamka salama. Mvua ya mwezi wa tatu inatupiga kila alasiri na barabara yetu imekuwa tope tupu, lakini paa halivuji na chungu hakijalala kitupu, kwa hiyo sina la kumlalamikia Mungu. Aimée na mume wake wanakusalimu sana. Wajukuu hawasalimu, wao wanauliza tu mananasi yako yanaiva lini.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu, nikifika penye neno usilolipenda, unasema réseau ya simu ni mbaya kisha unakata. Umenifanyia hivyo mara nyingi, na mimi si mtoto tena. Barua haina réseau. Basi vaa miwani, kaa kitako, unisome mpaka mwisho.

Habari yenyewe ni hii: mwezi wa saba naenda kuona bahari.

Ilianza hivi. Gentil, mwanangu wa Liège huko Ulaya, alipanga kuja likizo na mke wake na watoto. Kwa kuwa nimestaafu ualimu, na kilio cha marehemu mume wangu Ignace kimetimiza mwaka, yeye na dada yake Aimée walikubaliana bila kuniuliza kwamba zawadi yangu iwe kunipeleka Idjwi. Mama aone kwao, walisema, alale tena karibu na maji ya utoto wake. Waliongea kwa huruma kana kwamba wanachagua jeneza. Nikawaambia Idjwi naijua. Nimelima huko, nimebeba kuni huko, na nimepigwa na baba huko kwa ajili ya ndizi ambazo wewe ndiye uliyezila. Kama ni zawadi ya kisiwa, mimi nataka Zanzibar.

Walicheka, wakadhani natania. Sikuwa natania. Miaka yote niliyofundisha darasa la sita nilikuwa nagusa Pemba, Unguja na Mafia kwa fimbo ya ramani, na kila mwaka hakukosekana mtoto wa kuniuliza kama nimewahi kufika. Nilikuwa namjibu bado. Yaya, hata bado ina mwisho wake.

Walipoona nimekaza, Gentil alikubali, lakini akataka twende mwezi wa nne, eti tiketi zinashuka bei. Sikumjibu papo hapo. Nilikwenda Kadutu kwa Feruzi, muuza vitenge, ambaye babu zake walitoka pwani na ambaye huenda Unguja mara kwa mara kuwaona shangazi zake. Huyo hasimulii ya kusikia. Aliniambia mwezi wa nne na wa tano ni masika, mvua ya kutwa kucha, na hoteli nyingine zinafunga kabisa milango. Mwezi wa Ramadhani nao tusiende kama tunataka kula mchana, maana si adabu kutafuna mbele ya watu waliofunga. Krismasi jua ni kali na wageni wamejaa kila mahali. Ila kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa mvua imekwisha, upepo unapita, na joto, kwa maneno yake, lina adabu. Nikampigia Gentil nikamwambia mwezi wa saba. Akarudia mambo ya bei. Nikamjibu kwamba mvua ya bei nafuu inalowesha vilevile, na hapo akakubali.

Sasa tuje kwenye mizigo yetu. Ndiyo, nimeandika yetu. Usiikunje barua. Gentil alipouliza nani atanisindikiza, kwa sababu yeye na familia yake watatukuta kulekule, nilisema siendi bila dada yangu. Nafasi ni mbili, ya pili ni yako, na hakuna mwingine atakayepewa.

Kwa hiyo sikiliza. Makoti ya sufu uyaache nyumbani. Sisi watu wa ziwa na milima tunadhani asubuhi ni baridi dunia nzima, lakini Feruzi anasema huko hata usiku utajifunika shuka tu. Beba nguo za pamba, nyepesi. Mjini mabega na magoti yafunikwe, kwa sababu wenyeji ni watu wa dini, na sisi kina mama wa kujifunga pagne hilo halitusumbui. Atakayesumbuka ni mke wa Gentil, nami nitamwambia taratibu. Chukua sandali za plastiki za kuingia nazo majini, kwani kwenye mawe kuna vidudu vya miiba ambavyo haviulizi umri wa mguu. Dawa ya malaria na ya mbu naitafuta mimi. Kadi ya manjano ya chanjo usiisahau, bila hiyo watakurudisha hata kama umevaa vizuri namna gani. Na usifunge kitu chochote kwenye sacheti za plastiki. Tutapita Rwanda mpaka Kigali kupanda ndege, na unajua mpakani wanavyozinyang'anya, na Unguja vilevile hawazitaki. Tia kila kitu kwenye vitambaa au kwenye kile kikapu chako chenye kifuniko.

Najua pia kwamba saa hii unawaza zawadi za kuwapelekea watu wa huko, kwa sababu hatuendi ugenini mikono mitupu. Mimi pia niliwaza hivyo. Nilimwambia Feruzi nitakausha sambaza, nijaze kikapu, ili waonje dagaa wa Kivu. Aliweka chini mkasi wake. Alisema, "Maîtresse, kule samaki iko mingi kupita watu. Sambaza utapelekea nani?" Wateja wote dukani walicheka, nami nikacheka nao. Basi tutapeleka kahawa.

Nguo nyeusi usibebe hata moja. Nimenunua kitenge kimoja kizima, cha kijani chenye maua ya manjano, na fundi Elodie anatukatia sote wawili tuvae sare. Kwa kuwa hakuwa na vipimo vyako nilimwambia akate kwa mwili wangu, aongeze kiunoni. Usinune, ni sifa.

Kuna jambo moja tu ambalo siwezi kukufanyia. Paspoti inataka uso wako na vidole vyako. Ya kwangu nimeshapeleka picha, lakini yako haiwezi kuanza mpaka wewe mwenyewe ufike hapa Bukavu, tena mwezi huu, maana inachukua muda. Na hapa ndipo simu ingekatika.

Yaya, najua. Kutoka Idjwi hakuna njia ya kwenda popote isiyopita juu ya maji. Tangu ziwa lilipomchukua shemeji Jacques akirudi kutoka soko la Minova, ni miaka minne hujaingia botini. Hata mwaloni zinakotia nanga boti huteremki, nasikia chumvi na sabuni unatuma watu. Sikukusumbua kwa hilo. Nilisema acha alie kwa namna yake.

Lakini Ignace alipokufa nilikutandikia mkeka kando ya wangu, kama mtu anavyomtandikia dada yake. Ulituma maharagwe, mananasi, na pesa za misa, na vyote vilifika. Mkeka ulibaki mtupu kilio kizima. Wakwe waliuliza dada yako yuko wapi, nikasema ziwani kuna upepo. Siku zile zote ziwa lilikuwa limetulia kabisa, na kila mtu aliliona kutoka uani kwangu. Iliniuma sana. Naisema mara hii moja ili isiendelee kukaa tumboni, kisha sitairudia.

Hayo ndiyo niliyotaka kukuandikia. Njoo. Siku ya jua kuna boti ya asubuhi, maji yakiwa bado yamelala. Aimée atakupokea bandarini.


Alhamisi, mwaloni kwenu

Yaya, naendelea na barua ileile, ila mahali si palepale, utaona mwandiko umepinda.

Jumatatu nilipomaliza kuandika nilimwonyesha Aimée, nikijisifu kidogo. Nilimwambia jirani yako Cirhuza atakuja na mananasi yake Jumatano, nitampa barua, nawe utaisoma na kuja. Aimée alisoma yote, akauliza kwa nini nisiende kukuchukua mwenyewe. Nikamwambia goti. Akanikumbusha kwamba goti bovu ni lako. Nikamwambia mvua. Akakunja barua vizuri, akaniwekea mapajani.

"Maman, sema tu kweli," alisema. "Hukukatala Idjwi. Ulikatala mayi."

Nilitaka kumkemea, ila nikaishia kuikunjua barua tena. Mtoto niliyemnyonyesha alikuwa ameniona mpaka ndani.

Ndiyo, Yaya, nilikataa maji, si Idjwi. Siku tulipomzika Jacques nilirudi Bukavu kwa boti ya alasiri, mawimbi yakawa yanapanda juu ya ubao, na mwanamke aliyekaa mbele yangu akawa anaita majina ya watoto wake mmoja mmoja. Tulifika. Lakini tangu siku ile sijapanda tena. Kila nilipokuambia nina mitihani ya kusahihisha, nina mgonjwa, barabara ya bandarini ni mbaya, ni hofu iliyokuwa inasema. Watoto walipotaja Idjwi nilikimbilia Zanzibar kwa sababu huko kunafikika kwa ndege. Nataka kuiona bahari, hilo ni kweli kabisa, lakini Feruzi nilimuuliza mara tatu kama ndege inatua kisiwani penyewe. Alidhani sisikii vizuri. Na wewe nilikununia kwa ajili ya mkeka, huku nami nisingeweza kuvuka hata kama ungekuwa unakata roho. Tulikuwa tunaogopa kitu kimoja, kila mmoja upande wake wa ziwa, na mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele zaidi.

Cirhuza alipokuja jana na mananasi yake, sikumpa barua. Nilimuuliza anarudi saa ngapi. Leo asubuhi nilishuka naye bandarini. Nilishika mkono wake mbele ya watu wote, mimi mama mzima mwenye wajukuu, na yeye mstaarabu akajifanya haoni. Papa Luc, mwenye boti, alinivalisha gilet ya kujiokolea majini inayonuka samaki. Rozari ilinipotea njiani, nikawa nasema Salamu Maria bila kujua niko wapi. Katikati ya ziwa nilifumbua macho. Maji yalikuwa yametulia, Yaya, na niliviona vilima vyetu vinakuja, nikalia. Nilimlilia Jacques, nikamlilia Ignace, na nikakulilia wewe. Cirhuza alinipa nanasi lililobaki. Nililila lote, bila kisu, wala usiniulize namna.

Sasa nimekaa mwaloni kwenu juu ya jiwe, naandika magotini. Namaliza maneno haya kisha Cirhuza anayapandisha kwako. Mimi sipandi. Nikipanda utanipikia ndizi, tutalia, tutalala, na kesho utanisindikiza mpaka kwenye ua, useme nenda salama. Nimevuka ziwa lote, wewe teremka kilima tu. Watu wamekwisha anza kuniangalia. Mama mmoja ameniuliza mimi ni mgeni wa nani, nikamjibu ni mgeni wa Mélanie. Akashangaa kwamba Mélanie anamwacha mgeni kwenye maji. Nimemwambia hata mimi nashangaa.

Usifunge mzigo mkubwa. Kadi ya chanjo, miwani, nguo ya kubadilisha, basi. Mbuzi mpe Cirhuza, tumeshazungumza naye.

Wasalimie majirani wote, kuanzia wa kanisani mpaka wa kisimani, ila uwasalimie ukiwa njiani unateremka. Papa Luc anarudi Bukavu mchana kabla ya mvua na amekubali kutungoja. Gilet yangu sijaivua, ameniomba nikamkatalia. Nimemwomba na nyingine, nimeiweka hapa juu ya jiwe kando yangu. Ni kavu.

Ni mimi mdogo wako, ninayeogopa bado lakini nimefika,

Françoise