Safu ya Nne Kwenye Daftari Langu

Ijumaa, saa kumi jioni. Mvua ya Makere imeanza saa saba mchana na haina dalili ya kuchoka. Niko kwenye nyumba ya walimu, bati linapigwa hata redio haisikiki. Afadhali, maana leo sitaki kumsikia mtu.

Shajara, unanijua. Mimi ni mtu wa kushuku. Nikikuta mlango umeegeshwa, najiuliza nani ameingia. Mama yangu kule Singida alisema nitakuwa polisi, nikawa mwalimu. Huu ni mwaka wa tatu niko huku Kasulu, na juu ya vipindi vyangu vya Kiingereza nimepewa kazi ya kuwapokea watoto wanaotoka darasa la saba kuja kidato cha kwanza, pamoja na wazazi wao.

Walioko mbali hudhani kazi hiyo ni kukagua sare. Mtoto wa hapa amesoma miaka saba kwa Kiswahili, ambacho kwake tayari ni lugha ya pili, maana nyumbani ni Kiha. Januari anaingia darasani anakuta kila somo ni Kiingereza. Wiki ya kwanza kuna wanaojificha chooni kulia, na ya tatu kuna ambao hawaji tena. Kwa hiyo kabla shule haijafunguliwa huwa napita vijijini na daftari. Naandika jina la mtoto, umbali anaotembea, na mtu wa kumsaidia nyumbani.

Safari hii nikaongeza safu ya nne: lugha ya nyumbani.

Nilijiona nina akili sana. Nilitaka kujua nani atahitaji msaada zaidi, basi. Mwezi Desemba nikafika kwa Mama Jeska, njia ya kwenda Kitanga. Binti yake Jeska aliongoza mtihani wa darasa la saba shuleni kwao, na nilipompa kitabu cha Kiingereza alikisoma bila kubabaika. Nikamuuliza mama lugha ya nyumbani. Akasema Kiha. Lakini muda mfupi kabla nilikuwa nimemsikia Jeska akimwita mdogo wake, na alimwita kwa Kirundi. Miaka mitatu hapa, lugha hizo mbili nazitofautisha, na ofisini najigamba kwa hilo. Nikakata neno Kiha, nikaandika Kirundi, mama anaangalia. Nikamwambia, "Mama Jeska, mimi hunidanganyi!"

Nikacheka. Naye akacheka. Nilidhani tunacheka pamoja.

Shule ikafunguliwa, Jeska hakuja. Wiki ya pili ikaisha. Mwanafunzi mmoja wa kijijini kwao akaniambia Jeska amepelekwa Kibondo. Mtoto aliyeongoza, wa kike, miaka kumi na minne, anapelekwa Kibondo ghafla? Nikajua wanamwoza. Sikuwa na ushahidi wowote, ila mimi nikishajua jambo nimeshajua.

Jumatano nikapanda bodaboda hadi kwao, na macho yangu yakafanya kazi yake. Baiskeli mpya imeegemea ukuta. Kreti mbili za soda, chupa tupu. Mama mtu ana kitenge kipya. Nikaijumlisha posa yote pale pale uani, kabla hata sijakaa.

Alinisalimia kwa kupiga viganja taratibu, kama wanavyosalimia huku. Sikumjibu vizuri.

"Mtoto yuko wapi?"

"Ameenda Kibondo kwa shangazi yake, Mwalimu. Anamsaidia kuvuna maharage."

"Kwani maharage ya Kibondo hayana wavunaji?"

Nikamwambia naenda kwa mtendaji wa kijiji, na kwamba mzazi anayemwoza mwanafunzi anafungwa. Nilisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. Nakiri, nilifurahia kidogo ile sauti yangu.

Aliingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni, akakaa kwenye mkeka na kupanga karatasi mapajani. Karatasi yake ya uraia, ya mumewe, kadi ya kliniki ya Jeska.

"Soma, Mwalimu. Sisi ni Watanzania."

Nikamwambia sijamuuliza habari za uraia.

"Wewe ndiye uliyeandika," akasema. "Nilikwambia Kiha. Ukafuta."

Kisha akanieleza, polepole, huku akizikunja tena zile karatasi moja moja. Alikuwa mtoto, wako kwenye kambi ya wakimbizi. Walikuja watu na madaftari, wakauliza kwa upole: mmetoka wapi, nyumbani mnaongea lugha gani. Walisema ni kwa ajili ya kuwasaidia; yeye aliwashuku, hakuna aliyemsikiliza. Baadaye yale majina yalisomwa kwa kipaza sauti mbele ya malori ya kuwarudisha watu Burundi, na kaka yake mkubwa alikuwamo. Hawajaonana tena.

"Nao walikuwa wanacheka vizuri, Mwalimu. Kama wewe."

Nilitamani nichimbe shimo pale uani nijifukie. Baiskeli ilikuwa ya shemeji yake. Soda zilikuwa za kipaimara cha mtoto wa jirani, na kitenge alikishonesha kwa ajili ya sherehe hiyo hiyo. Hakukuwa na posa. Kulikuwa na mama aliyemficha binti yake kwa sababu yangu mimi, mtu niliyetumwa kumsaidia asiachwe nyuma.

Alitaka kitu kimoja tu: ule ukurasa usiwepo. Nikamwahidi. Nikamwambia, "Hakuna aliyeuona ila mimi. Nikifika shule nauchana." Akamwomba jirani simu ampigie shangazi wa Kibondo.

Nilirudi jioni nikakuta ofisi imefungwa. Jana asubuhi nikaenda moja kwa moja kwenye kabati ninapoweka daftari, na halikuwamo. Lilikuwa mezani kwa mkuu wa shule.

Mkuu alinipongeza! Akasema Jumanne alikuja bwana mmoja kutoka ofisini, anakusanya taarifa za wanafunzi wapya. Alilipenda sana daftari langu. Akalipiga picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa.

"Ofisi gani?" nikauliza.

"Ya kata. Au wilayani, nadhani. Alisema ni mambo ya chakula cha mchana."

"Jina lake?"

Hakulishika.

Nikamuuliza mtu wa chakula cha mchana anatakia nini lugha ya nyumbani ya mtoto. Mkuu akacheka, akasema, "Mwalimu, nawe unazidi. Ugali haushukiwi."

Huenda ni kweli. Huenda yule bwana anahesabu vichwa ili ajue sufuria ngapi zinatakiwa, na hiyo safu ya nne hakuiona kabisa. Nimeshakosea mara moja kwa kushuku, na ninaweza kukosea tena. Niliuchana ukurasa vipande vidogo nikavitia motoni jikoni kwa mpishi, nikiona wazi kwamba nachoma kivuli tu.

Leo asubuhi Jeska amekuja. Jembe begani, ndoo mkononi na fagio ndani ya ndoo, kama fomu ya kujiunga inavyoagiza. Sketi imemzidi kiuno, ameikunja mara mbili. Nimemkalisha dawati la mbele. Wakati wa mapumziko akanifuata.

"Madam, mama amesema nikuulize. Ule ukurasa, umeuchana?"

"Nimeuchana."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike. Kipindi cha mwisho, nilipouliza nani atasoma kwa sauti, mkono wake ulikuwa wa kwanza juu, na alisoma mpaka wale wa nyuma wakaacha kunong'ona.

Sikumdanganya. Ndiyo maana najichukia zaidi.

Tangu nitoke darasani nakaa hapa najitetea mbele yako, shajara. Nikinyamaza, Jeska anasoma. Kama yule bwana hana ubaya, hakuna aliyeumia, na mama hatajua kamwe. Nikisema, najua kitakachotokea: mfuko wa nailoni, basi la Kibondo, na safari hii hata shangazi hatapokea simu. Nitakuwa nimemtoa mtoto shuleni kwa mkono wangu mwenyewe kwa ajili ya kitu ambacho pengine hakipo.

Lakini kama kipo? Mama huyu aliwahi kushuku akiwa mtoto, hakuna aliyemsikiliza, na akampoteza kaka. Mimi ninayeshuku hata mlango ulioegeshwa, ni nani wa kumwamulia kwamba leo asiwe na shaka? Yeye ndiye anayejua malori. Mimi najua kuandika tu.

Kesho ni Jumamosi. Mvua ikinyesha au isinyeshe, naenda kwa Mama Jeska. Nitamwambia kwamba simu ya mtu nisiyemjua ina jina la mwanawe, na pembeni yake lile neno nililoandika mimi. Sitamshauri. Ataamua mwenyewe.

Na Jumatatu nitaingia kidato cha kwanza, niangalie dawati la mbele kabla sijafungua kinywa. Nikilikuta tupu, sitakuwa na mtu wa kumshuku.