Herufi Moja Katika Damu Yetu

Moskva, bwenini

Kaka Salimu,

Shikamoo. Naitoa kwa kuwa mama alitufunza hivyo, rohoni haimo. Kifua chake kinaendeleaje? Viazi vya juu kule vimetoka? Mimi mwili mzima, roho mbovu.

Juzi nimepata barua ya mke wangu, Zaina. Ameiandika akiwa kwa wazazi wake, Bumbuli. Nikajiuliza, huko anafanya nini? Kumbe umemfukuza! Yeye na mwanangu Hamisi, na furushi la nguo. Ati mtoto hakui, macho ya njano, baridi ikiingia analia mifupa, basi ukoo wa mama yake una mkosi. Kaka! Si wewe uliyenishika mkono pale stendi ya Mombo ukasema, "Nenda ukasome, mgosi, wako ni wangu"? Shamba la ujamaa mnalima pamoja mkiimba undugu, halafu mke wa ndugu yako unamtoa nje. Umenisaliti.

Haya, nimesoma. Sikiliza nilichosoma. Mwilini mna maandishi ya herufi nne tu: A, U, G na C. Husomwa tatu tatu, bila kuruka. Kila tatu huita kitu kimoja, asidi amino, kama fundi anavyoitisha tofali, moja baada ya jingine, mpaka protini inasimama. Ipo tatu moja inayosema anza, zipo nyingine zinazosema basi. Sasa, kwenye protini inayoipa damu wekundu, pana mahali pameandikwa GAG. Kwa watoto wanaougua hivi pameandikwa GUG. Herufi moja ya katikati tu! Linakuja tofali lisilo la mahali hapo, chembe za damu zinapinda kama mundu, zinaziba mishipa, mtoto analia. Mkosi uko wapi hapo?

Tena ugonjwa huu mtoto haupati mpaka airithi herufi hiyo kwa mama na kwa baba, wote wawili. Mwalimu wangu aliposikia dalili za Hamisi akanipima damu. Ninayo, Kaka. Siumwi, lakini ninayo. Nimeitoa kwa baba au kwa mama, hao hao waliokuzaa wewe.

Nenda Bumbuli mwenyewe, usitume mtu. Umwombe Zaina radhi mbele ya baba yake, umrudishe nyumbani kwetu. Hamisi apelekwe hospitali.

Mama mpe shikamoo yangu ya moyo wote. Shangazi anayeuza njegere sokoni Lushoto, msalimie. Na shemeji, mkeo, nasikia ni mjamzito, Mungu amjalie. Akijifungua mtoto wa macho ya njano, mwambie asifungashe nguo.

Mdogo wako niliyekuamini,
Juma